Supu ya Miso kwa Tofu na Uyoga: Namna ya Kuipika Nyumbani Bila ya Kuzidisha Chumvi



Ukiingia katika mkahawa wa Kijapani, uwe London, Dubai au Toronto, kabla ya chakula chenyewe aghlabu huletewa kibakuli cheusi cha mchuzi wa kahawia wenye mawingu mawingu. Ukiuacha utulie, mawingu yanashuka chini na maji yanabaki juu. Hiyo ndiyo supu ya miso. Wengi wetu huku ughaibuni tumeionja kazini au kwa majirani, na wapo walioizoea hata wakawa wananunua vipakiti vya kukoroga kwa maji ya moto, kwa kuwa wamesikia kuwa ni chakula cha afya.

Ni kweli ni chakula kizuri, chepesi, kinapikika kwa muda mdogo na hakina mafuta mengi. Lakini kuna jambo ambalo halisemwi sana: miso ni chakula cha chumvi. Na sisi wenye asili ya Afrika tunaoishi Uingereza na Marekani tunajulikana mahospitalini kwa kushikwa na presha mapema na kwa wingi zaidi kuliko wenyeji wengi. Ukimpa mzee wako mwenye presha kipakiti kimoja cha supu hii asubuhi na kimoja jioni ukidhani unamtunza, huenda umemlisha karibu gramu 4 za chumvi kabla hata hajagusa chakula chenyewe. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifike gramu 5 kwa siku nzima.

Kwa hiyo hapa tutaipika supu hii wenyewe, kwa miso kidogo, na tutauachia uyoga ufanye kazi ya kutia ladha. Si ubunifu wa mwandishi huyu. Wajapani wenyewe walijifunza kupunguza chumvi kwa njia ngumu, na tutaona vipi.

MISO NI NINI?

Miso ni rojo zito la maharage ya soya yaliyopikwa, yakapondwa, yakachanganywa na chumvi na kitu kinachoitwa koji. Koji ni mchele, au shayiri, au soya yenyewe, iliyooteshwa ukungu wa aina maalumu. Usishtuke kwa neno ukungu. Ni huo huo unaotumika kutengeneza sosi ya soya, na umefugwa Japani kwa karne nyingi. Mchanganyiko huo huwekwa uchachuke, mwengine wiki chache tu, mwengine mwaka na zaidi. Chumvi ndiyo inayouzuia usioze wakati ukichachuka, na ndiyo maana hakuna miso isiyo na chumvi kabisa.

Madukani utakuta rangi nyingi, lakini kwa anayeanza inatosha kujua hivi. Miso nyeupe imechachushwa muda mfupi, ina utamu kidogo na aghlabu chumvi yake ni ndogo zaidi. Miso tamu nyeupe ya mtindo wa Kyoto huwa na chumvi gramu 5 hadi 6 katika kila gramu 100. Miso nyekundu imekaa muda mrefu, ni kali, na chumvi yake hufika gramu 12 au 13. Zipo pia miso za shayiri, zinazopendwa sana kusini katika kisiwa cha Kyushu. Hizi asizile mwenye ugonjwa wa siliaki, yaani asiyeweza kula ngano na shayiri.

Kipimo cha kukumbuka ni hiki: kijiko kimoja cha supu cha miso ya kawaida, kilichosawazishwa juu, ni kama gramu 18, na ndani yake mna chumvi gramu 2 na kidogo. Hapo utaelewa kwa nini kijiko cha ziada "ili inoge" si jambo dogo.

WAJAPANI WALIPOPUNGUZA CHUMVI

Mkoa wa Nagano uko katikati ya milima ya Japani. Baridi yake ni ndefu, na watu wake walizoea kuishi kwa mboga za kachumbari ya chumvi na supu ya miso mara tatu kwa siku. Katika miaka ya 1960 mkoa huo ulikuwa miongoni mwa iliyoongoza Japani kwa vifo vya kiharusi.

Daktari Toshikazu Wakatsuki alikuwa ameanza kazi katika hospitali ya Saku mkoani humo mwaka 1945. Alikuwa haridhiki kuwangoja wagonjwa hospitalini. Aliwafuata wakulima vijijini pamoja na wauguzi wake, wakawapima, na jioni wakawachezea michezo ya kuigiza kuhusu afya, kwani aliona kuwa hotuba hazisikilizwi. Mwaka 1959 walianza kuwapima wakaazi wote wa kijiji cha Yachiho, wagonjwa na wazima. Mwaka 1976 alipewa tuzo ya Ramon Magsaysay kwa kazi hiyo. Na kuanzia miaka ya 1980 mkoa mzima uliendesha kampeni ya kupunguza chumvi, ambapo akina mama wa kujitolea walipita nyumba kwa nyumba na vifaa vya kupimia chumvi katika sufuria ya supu ya miso.

Jambo la kuzingatia ni kwamba hawakuambiwa waache supu yao. Waliambiwa wapunguze idadi ya vibakuli, wapunguze miso, na wajaze mboga ndani ili mchuzi uwe mdogo. Katika hesabu za mwaka 2010 Nagano ilishika nafasi ya kwanza Japani nzima kwa umri wa kuishi, wanaume miaka 80.88 na wanawake miaka 87.18. Bila shaka si supu peke yake iliyofanya hivyo. Wazee wa Nagano pia wanafanya kazi mashambani mpaka uzeeni na wanakula mboga nyingi. Lakini njia yao ya kupika ndiyo tunayoifuata hapa.

KWA NINI UYOGA?

Mwaka 1908 Profesa Kikunae Ikeda wa Tokyo alichunguza mchuzi wa mwani mkavu uitwao kombu, akagundua kuwa utamu wake unatokana na kitu kiitwacho glutameti. Ladha hiyo akaiita umami. Si chumvi, si sukari, si uchachu wala uchungu. Ni ule utamu unaoujua katika mchuzi wa nyama uliochemka vizuri au nyanya zilizoiva na kukaangwa mpaka mafuta yakajitenga. Mwishoni mwa miaka ya 1950 mtaalamu mwengine, Akira Kuninaka, akagundua kitu cha pili, guanileti, ambacho kipo kwa wingi katika uyoga mkavu wa shiitake, na kwamba viwili hivi vikikutana katika sufuria moja ladha yake inakuwa kubwa mara nyingi kuliko kila kimoja peke yake.

Sasa, miso yenyewe tayari ina glutameti. Kwa hiyo ukiipika kwa maji ya uyoga mkavu, ulimi unaridhika kwa miso kidogo. Ndiyo siri yote ya supu hii.

UNAPONUNUA

Shiitake kavu, miso na tofu vinapatikana katika maduka ya Wachina na Wakorea, na siku hizi hata katika supamaketi za kawaida. Kabla ya kununua miso geuza pakiti usome viungo vyake. Kwa wasomaji wetu Waislamu hili ni muhimu: viwanda vingi hutia spiriti kidogo katika miso ili isiendelee kuchachuka na kuutunisha mfuko. Huandikwa waziwazi katika orodha ya viungo, na kwa Kijapani ni herufi hizi: 酒精. Miso isiyotiwa spiriti mara nyingi ina kitundu kidogo chenye chujio juu ya mfuko au kifuniko, cha kutolea hewa. Vipo pia viwanda vya Japani vinavyouza miso yenye cheti cha halali. Mirini, inayotajwa katika mapishi mengi ya Kijapani, ni kileo cha mchele, na haihitajiki kabisa katika supu hii.

Angalia pia kama miso imeshatiwa dashi, yaani unga wa mchuzi wa samaki. Mboga-tupu na wenye mzio wa samaki waiepuke.

Kuhusu chumvi, lebo za Uingereza na Ulaya huandika chumvi yenyewe. Za Marekani huandika sodiamu kwa miligramu, na hapo watu hupotea. Zidisha kwa 2.5: sodiamu miligramu 800 ni sawa na chumvi gramu 2. Huko Ghuba utakutana na zote mbili, kutegemea bidhaa imetoka wapi.

Tofu ni maziwa ya soya yaliyogandishwa, karibu na tunavyogandisha jibini, ila badala ya siki hutiwa chumvichumvi za magnizi au kalsiamu. Iko laini kama kastadi na iko ngumu inayokatika vipande. Kwa supu zote zinafaa. Anayeanza achukue ngumu, kwani laini huvunjika mkononi. Ina protini ya kutosha, chumvi yake ni ndogo mno, na mzee asiyeweza kutafuna nyama huila bila taabu. Haina ladha yake yenyewe, na hilo ndilo linalowafanya wengi waitupe siku ya kwanza. Isubirini inywe mchuzi.

Uyoga mbichi tumia wowote wa dukani: mweupe, wa kahawia, oyster, shiitake. Lakini nunua. Usiokote. Hili nalisema kwa mkazo kwa wenzetu waliotoka Kongo, Burundi, Rwanda na Bara, ambako mvua zikinyesha watu huingia porini na kurudi na vikapu. Ulaya na Amerika ya Kaskazini kuna uyoga wa sumu unaofanana na ule mzuri wa nyumbani, na maradhi yake hayaji papo hapo. Mtu hula, akalala vizuri, na saa 6 hadi 12 au zaidi baadaye huanza kutapika na kuharisha. Kisha hupata nafuu ya siku moja akadhani amepona, kumbe ini linaharibika. Mwaka 2015 Ujerumani wakimbizi kadhaa, wengi wao kutoka Syria, walidhurika hivyo kwa kuokota uyoga waliodhani wanaujua. Ikitokea mtu amekula uyoga wa kuokota akaumwa, mpelekeni hospitali hata kama ameshapata nafuu, na chukueni mabaki ya uyoga wenyewe.

Na uyoga wa dukani nao upikwe. Shiitake isiyoiva inaweza kumtoa mtu mistari myekundu ya kuwasha mwili mzima kama aliyechapwa fimbo. Enoki, ule mweupe mwembamba kama nyuzi, mwaka 2020 huko Marekani ulibeba bakteria wa listeria. Watu 36 waliugua na 4 wakafariki. Wajawazito hasa wasiule mbichi.

VIPIMO (watu 4)

Maji – vikombe 3 (kama mililita 750)
Shiitake kavu – 4 au 5
Uyoga mbichi – gramu 150
Tofu – gramu 300
Karoti – 1
Figili nyeupe – kipande cha urefu wa kidole (ukikosa, tia boga au kiazi kitamu)
Mchicha au spinachi – konzi mbili
Vitunguu vya majani – miche 2
Tangawizi mbichi – kipande kidogo, ukipenda
Miso – vijiko 2 vya supu vilivyosawazishwa

NAMNA YA KUTAYARISHA NA KUPIKA

Usiku uliotangulia, osha shiitake kavu haraka haraka, tia katika bakuli na yale maji vikombe 3 yakiwa baridi, funika na uweke katika friji mpaka asubuhi. Wenye haraka huroweka kwa maji ya moto nusu saa, na supu hupatikana, lakini ladha haiwi ile. Maji baridi ndiyo yanayoutoa utamu wa uyoga bila ya uchungu.

Siku ya kupika, toa shiitake, kamua, kata vikonyo vigumu uvitupe, na vichwa vikate vipande vyembamba. Maji yake usiyamwage! Ndiyo mchuzi wenyewe. Yamimine taratibu katika sufuria na uache mchanga uliotuama chini ya bakuli.

Tia shiitake, karoti na figili zilizokatwa nyembamba, teleka kwa moto mdogo na uache yapate moto polepole mpaka yachemke. Usiharakishe hapa, kwa sababu ile guanileti hutengenezeka wakati uyoga unapopata moto kidogo kidogo. Yakishachemka acha kwa dakika 10. Tia uyoga mbichi na tangawizi, acha dakika 5 hadi 7 nyengine mpaka kila kitu kiive barabara. Ukipenda, uyoga mbichi ukaange kwanza kwa tone la mafuta ya ufuta mpaka ugeuke rangi. Mimi naona inanoga zaidi hivyo, ingawa Mjapani wa nyumbani hajisumbui.

Kata tofu vipande vya mraba vya sentimita 2 na uvitelezeshe ndani kwa upole. Usikoroge kwa mwiko, tikisa sufuria. Baada ya dakika 3 tia mchicha, ukinyong'onyea tu, zima moto.

Sasa ndiyo miso. Chota mchuzi kwa upawa, tia miso ndani ya upawa na uikoroge kwa kijiko mpaka iyeyuke yote, kisha irudishe katika sufuria. Ukiitupa kama ilivyo itabaki mabonge, mtu mmoja akapata chumvi yote. Na isichemke tena baada ya hapo. Miso ikichemka harufu yake nzuri huondoka na mvuke, na kama ni ile isiyopitishwa motoni kiwandani, bakteria wake wazuri wanakufa. Nyunyiza vitunguu vya majani, pakua.

Kila bakuli hapa lina chumvi kama gramu 1.1, nusu hivi ya kile kipakiti cha dukani, na ni bakuli lililojaa mboga, si maji matupu. Onja kabla hujaongeza chochote. Usitie kidonge cha supu, kwani karibu nusu ya kidonge ni chumvi, wala sosi ya soya. Ukiona imepooza, kamulia ndimu au tia pilipili manga. Ile supu na wali mweupe usiotiwa chumvi na samaki wa kuchoma, lakini si siku hiyo hiyo kwa ng'onda au papa mkavu.

JE, MWANI?

Wapishi wengi wa Kijapani wangeanza kwa kombu, na huenda umeshangaa kwa nini haumo. Sababu ni madini ya iodini. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku, na gramu moja tu ya kombu kavu inaweza kuwa na zaidi ya mara 10 ya hiyo, na nyingi huyeyukia katika maji. Mjapani aliyekula mwani tangu utotoni huenda asidhurike, lakini mwenye maradhi ya tezi ya shingo yanaweza kumvuruga, na wataalamu wa lishe wa Uingereza huwashauri wajawazito wasizidishe mara moja kwa wiki kwa mwani wa rangi ya kahawia. Ukitaka mwani tia wakame kidogo, konzi ya vidole viwili, na si kila siku. Hijiki, ule mweusi kama majani ya chai, uache kabisa. Mamlaka ya chakula ya Uingereza yalitoa onyo tangu 2004 kwa sababu ya sumu ya aseniki iliyomo.

Wasomaji wa Unguja wameuliza moyoni, basi mwani wetu wa Paje na Jambiani? Huo ni wa aina nyengine, mwekundu, unaolimwa tangu mwaka 1989 na kuuzwa nje kwa ajili ya utomvu wake wa kugandishia vyakula na dawa za meno. Hautumiki katika supu hii.

WANAOTAKIWA KUWA WAANGALIFU

Mwenye mzio wa soya aiache yote, miso na tofu pia. Anayetumia levothairoksini kwa ajili ya tezi asile soya karibu na wakati wa kumeza kidonge, kwani huzuia dawa kuingia mwilini. Amuulize mfamasia aache saa ngapi. Anayetumia zile dawa za zamani za sonona kama phenelzine au tranylcypromine asile miso kabisa, kwa sababu vyakula vya soya vilivyochachushwa vinaweza kumpandisha presha ghafla kwa hatari. Mgonjwa wa figo aliyeambiwa apunguze potasiamu asile uyoga na mchicha mwingi bila ya kumuuliza daktari wake. Na mtoto wa chini ya mwaka mmoja apakuliwe tofu na mboga kabla miso haijatiwa.

Zile habari zinazosambazwa kuwa miso inatibu saratani zipuuzeni. Ni chakula, si dawa, na vyakula vilivyohifadhiwa kwa chumvi nyingi vimehusishwa na saratani ya tumbo. Anayemeza vidonge vya presha aendelee navyo hata akipika supu hii kila siku.

Miso ikifunguliwa iwekwe katika friji ikiwa imefunikwa vizuri, na hukaa miezi mingi. Ikibadilika rangi kidogo ikawa nyeusi zaidi si kuharibika. Tofu iliyobaki itie katika maji safi ndani ya friji, badilisha maji kila siku, na imalizwe ndani ya siku 3. Ukitaka supu ya siku mbili, gawa mchuzi kabla ya kutia miso, nusu nyengine uiweke katika friji, na kesho yake uitie kijiko chake kimoja baada ya kuchemsha na kuzima moto.